Toba Isiyokuwa Yake

Kinyozi huyu watu walimwita Maringo, na jina hilo hakulipata kwa mavazi wala kwa mwendo. Alilipata kwa sababu ukimnyooshea mkono kumsalimu, anaupita kama hakuuona, anakung'uta kitambaa cha shingoni na kuuliza, "Nani anafuata?" Mkono wako unabaki unaning'inia hewani. Wapo waliocheka, wapo waliohamia kwa vinyozi wengine, na wapo waliorudi kwake vilevile, kwa kuwa maringo au si maringo, hakuna aliyechonga mstari wa paji la uso kama yeye. Kichwa kikiwa mbele yake, katikati kabisa, alikiona hadi unywele wa mwisho. Shida ilikuwa ni vitu vya pembeni.

Mwenyewe hakujua kwamba ni shida. Aliona alivyoona tangu utotoni, akadhani kila mtu anaona hivyo, na giza likiingia alidhani limewaingilia wote sawasawa. Alishangaa tu jinsi wenzake walivyokuwa hodari wa kutembea jioni bila kujikwaa. Yeye alijiita mzembe, na watu hawakumbishia.

Utotoni jua likianza kuzama, dada yake ndiye aliyetumwa dukani, yeye akaambiwa abaki ndani asome. Mama yao aliwasha taa mapema kuliko nyumba zote za mtaa, moja sebuleni, moja ukumbini, moja mlangoni pa choo. Dada alinung'unika kwamba kaka anadekezwa. Yeye alijiona mtoto wa dhahabu. Akakua akiamini kwamba katika dunia hii hakuna aliyempenda kama mama yake, na katika hilo, niseme ukweli, hakukosea. Alikosea katika mengine yote.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu ukutani, mashine mbili zilizoning'inia kwenye misumari, brashi ya kufagilia nywele shingoni na chupa ya spiriti. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na ole wako uisogeze ile stuli ya kungojea. Angeigonga kwa goti, na angekufokea wewe, si stuli.

Sasa sikiliza jambo lililomvunja. Jioni moja alikwenda kumchukua binti yake chuoni kwa pikipiki. Walichelewa kidogo, jua likawatoroka. Karibu na nyumbani pana mtaro mkubwa wa maji ya mvua, upo pale tangu yeye hajazaliwa, hata mbuzi wa mtaa wanaujua. Akaingia nao humo, pikipiki, binti na yeye mwenyewe. Binti alivunjika mkono karibu na kiwiko, na hadi leo mkono ule haunyooki vizuri. Watu walipokimbilia wakamkuta baba mtu anayumba kando ya mtaro, anatafuta ndala ambayo iko mbele ya mguu wake. Mmoja akasema amelewa. Neno likafika kanisani kabla majeruhi hajafika hospitali.

Maringo hakuwahi kuonja pombe. Hata ile ya dawa ya kikohozi aliiogopa. Wazee wa kanisa walipomwita aliwaambia hivyo, wakamwuliza basi ilikuwaje, akasema hakuuona mtaro. Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Wakamtenga na meza ya Bwana mpaka atakapotubu.

Alikaa nje ya meza miezi mingi, kichwa ngumu, akingoja haki imtafute. Aliyekuja kumlegeza ni mama yake. Alikaa naye kwenye kitanda, akamshika mikono yote miwili, akamwambia atubu tu yaishe, Mungu anaujua ukweli, na unyenyekevu haumpunguzii mtu kitu. Mama hakuwahi kumpotosha. Basi Jumapili moja akavaa shati jeupe, akasimama mbele ya watu wote na kusema kwamba alikunywa pombe akahatarisha maisha ya mwanawe. Watu wakaitikia haleluya. Mama yake alikuwa amekaa safu za mbele, analia. Binti yake alikuwa nyuma ya bibi yake, mkono usionyooka mapajani, anaangalia sakafu.

Toba ile ilimrudishia mkate na kikombe, ikamnyang'anya binti. Binti aliolewa muda si mrefu baadaye, akajifungua mtoto wa kiume. Kila babu mtu alipokwenda kumwona mjukuu, chai ililetwa na habari za nyumbani ziliulizwa kwa heshima zote, lakini mtoto alikuwa ama ananyonya, ama amelala, ama ndiyo kwanza anataka kulala. Siku moja, akiwa sebuleni, alimsikia binti yake akimwambia mumewe jikoni, "Baba simpi mtoto. Akiwa amekunywa huwezi kumjua, hata hanuki."

Alimeza ile chai ya moto yote kwa mara moja ili apate sababu ya machozi. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu duniani: kupewa yule mtoto ampakate, na apewe na binti yake kwa moyo mweupe.

Baadaye akamkata mwalimu mmoja sikio. Si sana, lakini sikio hutoa damu kama limechinjwa, na mwalimu yule alipiga kelele za darasa zima. Ndipo Maringo akakubali kwenda kupimwa macho. Mama yake alisisitiza kumsindikiza. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimwingiza kwenye mashine, akamwekea vitone vya taa huku na huku, akaandika, akapumua. Akawaeleza kwamba uoni wake unaliwa kutoka pembeni kuja katikati, kwamba ulianza na giza, na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. Kisha akauliza kama katika ukoo wa mama kuna wanaume waliopoteza macho, maana ugonjwa wa namna hii mara nyingi hupitia kwa akina mama ukawapata watoto wa kiume.

Maringo akamgeukia mama yake. Mama akasema, "Hakuna, daktari. Sisi ukoo wetu tuna macho ya mwewe."

Daktari akasema basi huenda umeanza na yeye, inatokea. Akaongeza jambo moja ambalo kinyozi alilipokea kama jiwe: mwenye ugonjwa huu akizaa binti, binti anaubeba bila yeye kuugua, na kila mtoto wa kiume wa binti yule yuko nusu kwa nusu. Mjukuu akapimwe akikua kidogo.

Njia nzima ya kurudi mama aliomba kwa sauti ya chini. Maringo alikuwa akimwuliza Mungu kwa nini amemchagua yeye. Alifunga kula, akachambua maisha yake kama anayetafuta chawa kwenye nywele, akaungama hadi embe aliloiba akiwa darasa la pili. Lakini hakumwambia binti yake. Alijisemea kwamba hata daktari hana uhakika, na mtoto mwenyewe bado mchanga.

Aliyelipua mambo ni mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi mbali na kuja kwa nadra. Alipita saluni kusalimia. Maringo akafurahi, akaenda kumpokea, akaupita mkono wake, akaigonga stuli, kisha akauelekea mlango huku akiupapasa mwimo kwa mgongo wa kiganja. Mama mdogo akajikalisha kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo, akalia na kitambaa cha kunyolea mdomoni.

"Unapapasa kama kaka zetu," alisema. "Kwa mgongo wa mkono, hivyohivyo."

Maringo alijua kwamba wajomba zake wawili walikufa kwa homa kabla hajazaliwa. Ndivyo alivyoambiwa. Kumbe mmoja alikufa Maringo akiwa na ndevu tayari, kipofu kabisa, katika nyumba ambayo mama yake alikuwa akiipelekea chakula na kusema anakwenda kwenye maombi. Mwingine alitumbukia kisimani. Na babu mzaa bibi, naye kipofu. Mama mdogo alitaja mmoja baada ya mwingine, na kila alipotaja alitazama mlangoni, kama vile kuna mtu atakayemkamata.

Mama yake Maringo alikuwa akikunja nguo alizoanua kambani mwanawe alipofika. Hakukana. Pengine alichoka. Alimweleza kwamba kabla hajampata yeye, kanisa liliufanyia ukoo wao ibada ya kukata minyororo. Walikusanywa wote, wakaukataa upofu kwa jina la Yesu, wakaambiwa umekatika. Sharti lilikuwa moja: usitajwe tena, maana anayeutaja anaufunga upya kwa kinywa chake. Naye akala kiapo. Alipozaliwa mtoto wa kiume akaishika ahadi, na alipoona mtoto anajigonga jioni, akawasha taa na kuzidi kunyamaza. Aliona kwamba akitamka, yeye ndiye atakayempofusha mwanawe.

"Nilimwamini Mungu," alisema.

"Wewe ulimwamini Mungu, mama. Mimi nilikuamini wewe."

Mama akaendelea kukunja shati lilelile, analikunjua, analikunja. Maringo akamwuliza la pili, ambalo ndilo lililokuwa likimchoma. Siku ya mtaro, siku ya wazee, siku ya shati jeupe, alijua kwamba ni macho? Mama akasema alijua.

"Ungetaja macho, wangeuliza yametoka wapi, ningewataja kaka zangu. Na binti yako alikuwa ameshachumbiwa. Mlevi akitubu anasafishwa, mwanangu. Ukoo wenye laana nani anauoa?"

Nakwambia, mtu anaweza kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa miaka na miaka asijue, lakini siku akijua, anayasikia yote kwa pamoja yakimtiririka. Alimkumbuka mama yake akilia safu za mbele. Alidhani analia kwa aibu ya mwana mlevi. Kumbe alikuwa akilia huku anajua, na bado alimwacha amalize kila neno.

Usiku huo alijaribu kuomba akashindwa. Aliona kwamba siku ile ya toba waliojua ukweli kanisani walikuwa wawili, mama yake na Mungu, na wote wawili walikaa kimya. Mama angalau alilia.

Kesho yake akaenda kwa mchungaji. Mchungaji huyu si yule wa minyororo, yule alishazikwa kwa heshima. Huyu ni mtu mwema, mteja wa kila Ijumaa, kichwa chake chenye kovu Maringo alikijua kuliko mkewe. Alisikiliza hadi mwisho, akasikitika kwa dhati, akasema wazee walikosea. Lakini kuhusu ugonjwa wenyewe akashika njia ya mimbari: Mungu hakuumba magonjwa, ni matokeo ya dhambi ya Adamu, uumbaji wote umeharibika.

Maringo alimwuliza nani anayemfuma mtoto tumboni mwa mama yake. Mchungaji akajibu ni Mungu, bila shaka.

"Na uzi mbovu nani aliutia?"

"Adamu, ndugu yangu. Dhambi."

"Adamu simjui, mchungaji. Namjua aliyeshika sindano."

Mchungaji akamkumbusha yule kipofu wa kuzaliwa, jinsi wanafunzi walivyotaka kujua nani alikosa, yeye au wazazi wake, wakaambiwa hakuna, bali kazi ya Mungu ionekane. Maringo akasema habari hiyo anaipenda, na kasoro yake ni moja tu, kwamba yule alipakwa tope la mate akaona. Kuhusu wajomba zake, kazi iliyoonekana ni ipi? Mtoto akizaliwa na macho mazuri tunamshukuru Mungu, yakiharibika tunamshtaki Adamu. Yeye ni kinyozi, akimharibu mteja hawezi kusema ni mashine. Mchungaji alicheka bila kutaka, kisha akafuta cheko na kusema anajua kwamba Mungu naye huumia pamoja nasi. Maringo akasema hilo ni zuri, lakini yeye anamtafuta aliyekuwepo kabla ya maumivu. Hawakugombana. Waliachana kwa kukubaliana jambo moja, kwamba mama asimame mbele ya kanisa, aseme alichokijua, na jina la mwanawe lisafishwe palepale lilipochafuliwa.

Mama aligoma, akaugua kichwa, akasafiri kwa mdogo wake, akarudi, akagoma tena. Siku moja alimkabili kwa upole uleule wa kitandani. Akamwambia, "Ukisafisha jina lako itabidi umwambie mwanao na ulichompa. Uko tayari?"

Hapo Maringo aligwaya. Maana ilikuwa kweli. Asingeweza kumwambia binti, "Sikulewa, ni macho," kisha akaishia hapo. Macho yana njia yaliyopitia, na njia ile inapita kwa binti hadi kwa yule mtoto. Akaamua kwamba mama ndiye aliyefunga fundo, mama ndiye alifungue. Yeye atangoja. Majuma yakapita, akaenda mara mbili kumtembelea binti, akanywa chai, akamtazama mtoto kwa mbali akijifunza kukaa, akarudi na maneno yake tumboni.

Hatimaye mama akakubali. Jumapili ile Maringo alivaa koti, akakaa safu ya tatu, mahali ambapo angemwona mnenaji katikati ya macho yake. Binti alikuwepo na mtoto.

Mama akasimama, mdogo kuliko alivyokuwa nyumbani. Akasema ana jambo la kutubu. Akasema Mungu aliutendea ukoo wake mambo makuu zamani, akaukata mnyororo, lakini yeye mama imani yake ilitetereka. Aliruhusu hofu. Alitia shaka moyoni kila alipomtazama mwanawe, na kwa shaka ile adui amepata mlango, sasa macho ya mwanawe yanasumbuliwa. Akapiga magoti. Akaomba kanisa limwombee apewe imani tena.

Kanisa zima likalia naye. Wanawake walitoka kwenye viti wakamzunguka, wakamfuta uso. Mchungaji alimtazama Maringo, kisha akanyoosha mikono aombe na wengine. Mtaro haukutajwa. Wajomba hawakutajwa. Pombe ilibaki pale ilipoachwa, imetubiwa na kusamehewa, mali ya Maringo. Mtu wa nyuma yake akamgusa bega na kumnong'oneza kwamba ana mama wa ajabu.

Mama hakuwa akicheza shere. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliamini kila neno. Alikuwa ametafuta kosa lake kwa moyo wote na kulikosa, hali limekaa safu ya tatu, limevaa koti.

Alitoka nje kabla ya wimbo wa mwisho. Akasimama penye kivuli cha ukuta, na binti yake akamfuata, mtoto begani.

"Bibi alikuwa anatubu nini, baba? Sijaelewa."

Angeweza kumwambia nenda ukamwulize. Badala yake akamweleza, tena vibaya, akianza na daktari, akarudi kwa wajomba, akaruka hadi kwenye mtaro. Alimwambia hakunywa siku ile, wala siku nyingine yoyote. Alimwambia hakuuona mtaro kwa kuwa haonagi. Binti alishika kiwiko chake kile kisichonyooka.

"Kwa nini ulitubu, basi?"

"Mama aliniambia nitubu."

Uso wa binti ulilainika, akamsogelea, na kwa kitambo kidogo sana Maringo alipata alichokuwa akikitaka. Alikipata, na alijua kwamba bado hajamaliza kusema. Akamalizia. Alimwambia ugonjwa unapita kwa nani, na kwamba mtoto huyu yuko nusu kwa nusu, na kwamba akikua kidogo apimwe.

Binti alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulijua lini?"

"Daktari alinieleza. Halafu mama mdogo alipokuja, nikahakikisha."

"Mama mdogo alikuja huyu hajaanza kukaa."

"Ndiyo."

"Sasa anatambaa, baba. Umekuja kwangu mara mbili, ukanywa chai."

Alitaka kumwambia kwamba alikuwa akimngoja bibi yake aseme, kwamba mtoto alikuwa mchanga, kwamba hakutaka kumvunja moyo kabla ya wakati. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, na aliyatambua. Yalikuwa ya mama yake, moja moja, hata sauti. Akayameza.

Ndani watu walikuwa bado wanaomba. Maringo hakuwa na la kumwomba Mungu wakati ule, alikuwa na la kumwuliza tu, na hata hilo hakuona ana haki ya kuliuliza akiwa amesimama mbele ya binti yake.

"Mshike," binti akasema.

"Mimi?"

"Mshike, nataka kulia."

Maringo alikaa kwanza chini, kwenye simenti, mgongo ukutani, ndipo akanyoosha mikono. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyomdhania. Akampakata mjukuu wake kwa mara ya kwanza, na binti yake akawa analia pembeni, upande ambao yeye hakuweza kumwona.